Wasa za Baiskeli ya Shemeji

Jamaa zangu, leo sina uso.

Isomeni barua hii mkiwa wote pamoja. Sitaki mmoja aisome peke yake halafu awasimulie wengine na kuongeza chumvi. Chumvi haihitajiki, iliyomo inatosha. Naandika jua likiwa bado liko juu ya ziwa, na grisi imenikwama kwenye kucha, sabuni imeshindwa. (Hiyo alama ya kidole gumba hapo pembeni si muhuri. Ni ushahidi.)

Hali yangu mnaijua. Tangu kiwanda kifungwe na nyinyi mkimbilie Nairobi, mimi nimekaa hapa Kisian miezi kumi na minne. Anayelisha nyumba ni Akoth. Mke wangu anaamka alfajiri, anakaanga samaki, anauza hapa barabarani, anarudi na unga. Na katika miezi hiyo yote hajanitupia neno moja baya. Hilo ndilo linaloniuma. Angenitukana hata mara moja ningepata nafuu.

Juzi akaja na habari. Kuna mama mmoja wa Milimani, mwenye duka la dawa, anatafuta mtu wa kupeleka dawa kwenye zahanati za kando ya ziwa. Masharti mawili tu. Uwe na baiskeli, na uweze kuitengeneza mwenyewe ikikuharibikia njiani. Wanaotaka kazi wafike nyumbani kwake leo Jumanne, saa nne kamili.

"Si wewe baiskeli unaijua?" Akoth akaniuliza.

"Mimi?" nikamjibu. "Mimi baiskeli naifungua nimefumba macho."

(Ndiyo, nilisema hivyo. Endeleeni kusoma.)

Shida ni kwamba baiskeli yenyewe sina. Akoth akaenda kwa kaka yake, shemeji yangu Oketch, akamwomba yake. Oketch akaileta jana giza likianza kuingia, akaiegemeza ukutani. Baiskeli nyeusi, nzito, ya chuma cha zamani. Haina gia za kubadilisha, ni kukanyaga na kwenda. Nyuma ina keria pana ya kubebea mizigo. Mbele ina taa, na kwenye uma wa gurudumu la mbele kuna dainamo, kile kichupa kinachosugua tairi ili taa ipate moto. Mimi baiskeli zangu zote maishani hazikuwa na taa. Giza likinikuta nilikuwa nabana tochi kwa meno.

"Owino," Oketch akaniambia, "ukiniharibia hii kitu, dada yangu nitamrudisha nyumbani."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Leo asubuhi Akoth akanipigia pasi shati jeupe mpaka likang'aa. Akasimama mlangoni, akaniombea kwa Mungu kwa sauti ya chini, kisha akanishika mkono.

"Baba Atieno, enda na Nyasaye. Na ukifika huko, usiongee sana."

Ananijua.

Nikaondoka saa mbili na robo. Kutoka Kisian mpaka Milimani, mtu mwenye miguu anatumia muda wa saa moja hivi, akipumzika. Nilikuwa na wakati wa kutosha, hata wa kutupa. Nikapanda, nikakanyaga.

Yawa! Baiskeli haikutaka kwenda!

Si kwamba ilisimama. Ilikwenda, lakini ilikuwa kama kuna mtu ameshika keria kwa nyuma anavuta. Njia ni tambarare, mimi nasimama juu ya pedali kama napanda mlima. Na chini kuna sauti, ngrrrrr, ngrrrrr, haikatiki. Nikiacha kukanyaga, badala ya kuteleza mbele inakufa papo hapo. Sikuwa nimefika hata mita mia tatu na mgongo ulikuwa umeshalowa. Nikaanza kuogopa.

Hapo penye njia panda kuna fundi wa baiskeli, Obong'o, anakaa chini ya gunia alilofunga kwenye vijiti vinne. Nikamfikia.

"Obong'o, hebu angalia hii. Inakaza."

Akaipindua miguu juu. Akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likazunguka, likazunguka, tukaliangalia mpaka tukachoka.

"Hii iko sawa," akasema.

"Lakini nikipanda inakaza."

"Ikibeba mtu?"

"Ikibeba mtu."

Obong'o akajikuna kidevu. Akainama akachungulia ekseli ya nyuma upande wa cheni, akatikisa kichwa kama daktari.

"Basi ni wasa."

(Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale wenzetu wasiotoka huku. Namaanisha washa, kile kichuma cha duara chenye tundu, kinachokaa kwenye ekseli. Lakini mnaujua ulimi wetu wa ziwani. Shamba ni samba, shati ni sati, na washa ni wasa. Kwenye karatasi sh naiandika vizuri, ila hii wasa nimeiacha kama tunavyoitamka. Mdomoni haitoki.)

"Wamekuwekea wasa mbili upande moja," Obong'o akaendelea. "Ukikalia, gurudumu inalala kando, cheni inasugua. Toa moja." Kisha akanyoosha mkono kuelekea mbele. "Na hii ya mbele tuone..."

"Achana na mbele!" nikamkata. "Mbele kuna cheni?"

"Hakuna."

"Kuna pedali?"

"Hakuna."

"Basi. Gurudumu la mbele halina kazi, linafuata tu."

Obong'o akaurudisha mkono. Halafu akaniambia, "Sawa, fundi," na akarudi kukaa kwenye gunia lake. Alitaka kunitolea ile wasa, nikakataa. Nikamwambia ninakokwenda wanataka mtu anayejitengenezea. Nikatoa spana yangu, nikafungua nati, nikatoa wasa moja, nikaitia mfuko wa shati, nikafunga. Na kwa kuwa ujuzi ulikuwa umenipanda kichwani, nikalegeza na cheni kidogo, maana cheni ikikaza sana nayo hukaba. Hilo la cheni hakuniambia mtu. Ni akili yangu.

Saa tatu kasoro dakika kumi nikaondoka tena. Ngrrrrr. Ile ile.

Nikajiambia labda inahitaji kuzoea. Nikaendelea kusukuma na meno yameumana. Lori likaja upande wa pili, na dereva akatoa mkono dirishani akaufungua na kuufumba, akaufungua na kuufumba. Nikaona huyu ni mtu mwenye adabu, ananisalimia. Nami nikamfungulia wangu na kuufumba. Likaja gari dogo, likanimulika mara mbili. Nikainamisha kichwa kwa heshima. Dereva wa tatu naye akafungua na kufumba. Nikashangaa, leo barabara ya Busia imepatwa na nini, watu wote wanapendana!

La nne lilikuwa pikapu. Mtu aliyekaa nyuma juu ya mizigo alipiga kelele, upepo ukachukua maneno yote, nikasikia mkia wake tu.

"...wasaaa!"

Wasa? Huyu amejuaje habari ya wasa yangu?

Nikaendelea, lakini sasa kwa wasiwasi. Kufika karibu na Otonglo nikamkuta mama mzee amejitwika beseni, anakuja mbele yangu pembeni mwa barabara. Aliponiona tu akasimama.

"Nyathina!" akaita, kama mtu anayemwita mwanawe. "Umewasa!"

Na yeye pia!

"Nimeshatoa moja, mama!" nikamjibu huku nakanyaga.

"Zima!"

"Mzima, mama! Na wewe u mzima?"

"Zima! Zima!"

"Mzima kabisa! Namshukuru Mungu!"

Yule mama akateremsha beseni, akaliweka chini, akasimama katikati ya njia yangu na mikono kiunoni. Ikabidi nishuke. Akaitazama baiskeli kwa mbele, halafu akanitazama mimi, halafu akaitazama tena. Uso ukamlegea.

"Aa. Imezima," akasema. "Basi enda."

Mwaniona nilivyomwelewa? Nilielewa kwamba ameniambia wasa iliyobaki ni nzima, haina ufa. Nikashusha pumzi. Nikamshukuru kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, nikapanda, nikakanyaga. Sikufika mbali nikasikia sauti yake nyuma yangu, imepanda kuliko mwanzo.

"Haijazima! Woi, kijana! Umewasa tena!"

Haijazima! Yaani si nzima! Yaani ile wasa imepasuka, na huyu mama, kutoka huko alikosimama, ameiona ndani ya chuma! Jamaa, nywele zilinisimama. Kuna watu wana macho ya ajabu huku kwetu, na mimi si mtu wa kubishana na mama wa umri ule. Nikasimama mbele kidogo, nikaipindua, nikafungua nyuma tena. Nikatoa wasa ya pili. Nikaigeuza juani, nikaipapasa kwa ukucha. Haina ufa.

Basi nikawaza, labda ufa uko kwa zile za upande wa pili. Nikafungua na huko. Wasa mbili. Nazo hazina kitu. Lakini nilikuwa nimeshazitoa, na saa ya mkononi ilikuwa inasema tatu na dakika ishirini, na kuzirudisha kunataka utulivu ambao sikuwa nao. Nikazitia zote mfukoni. Nikafunga nati juu ya chuma kitupu. Nikasema shida ni wasa, na sasa wasa hazipo, basi shida itatoka wapi?

Ngrrrrr.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilinipata. Niko karibu na uwanja wa ndege, upepo wa ziwa unanipiga kifuani, mapaja yanawaka, dakika zinakwenda, na sina kitu kingine cha kufungua. Cheni nayo ilikuwa imelegea inapiga kwa, kwa, kwa. Nikawa namwona Akoth na kikaango chake. Kila nikitaka kushuka nisukume kwa mguu nasikia, "Wewe baiskeli unaijua." Nikasimama kwenye pedali kutoka hapo mpaka mjini. Mjini kwenyewe watu watatu walinipigia kelele na sikumjibu hata mmoja. Nilikuwa nimechoka na watu wa wasa.

Nikafika Milimani saa nne kasoro dakika tatu. Nikashuka langoni. Mlinzi akafungua, mzee mmoja mrefu wa upande wa Kakamega, amevaa koti kubwa juani.

"Jina lako?"

"Owino. Na wewe mzee?"

"Shiundu."

"Asante, Mzee Siundu."

"Shiundu," akanirudia, akivuta ile sh. Nikamwomba radhi, nikamwambia ulimi ni mgonjwa tangu utoto.

Ndani kuna uwanja mpana na miti mikubwa iliyofunga juu kabisa, hata jua la saa nne halifiki chini. Huko mwisho ni veranda, na kwenye veranda amekaa Madam, mama wa makamo mwenye miwani, mbele yake meza yenye kitambaa cheupe. Pembeni kwenye benchi alikuwa bwana mmoja mwembamba, kimya, shati lake halina hata tone la jasho. Baiskeli yake inang'aa. Alikuwa amefika mapema, ameshamaliza majaribio yake.

"Ni wewe Owino?" Madam akauliza. "Na hiyo mfukoni ni nini?"

Nikatazama kifua. Lile shati la Akoth! Mfuko wote ulikuwa mweusi, grisi imeteremka mpaka tumboni. Nikatia mkono, nikatoa wasa zote nne, nikazipanga mezani. Juu ya kitambaa cheupe. (Sijui kwa nini. Msiniulize.)

"Wasa, Madam."

"Wasa?"

Akoth aliniambia nisiongee sana. Nikaongea. Nikamweleza habari ya ekseli, na gurudumu kulala kando, na cheni kusugua, na jinsi shida ya namna hii haionekani kwa mkono bali kwa uzito wa mtu. Nikamwambia nimesimama mara mbili njiani na mara zote nimejitengenezea mwenyewe, kama masharti yake yanavyotaka. Yule bwana wa benchi akaanza kunisikiliza kwa wivu. Nikaongeza sauti.

"Vizuri," Madam akasema. "Na sasa inakwenda vizuri?"

"Inakwenda, Madam. Inakaza kidogo tu."

"Nionyeshe."

Akanipa sanduku dogo la mbao. Ndani mna chupa sita za dawa, tupu, za kioo chembamba. Nizunguke nazo uwanja mzima kutoka langoni mpaka verandani, mara tatu. Keria ya shemeji haina mpira wa kufungia, basi nikalibana sanduku kwapani kwa mkono wa kushoto, nikashika usukani kwa wa kulia. Nikaenda mpaka langoni. Nikageuka. Nikamwomba Nyasaye. Nikapanda.

Ngrrrrr, chini ya ile miti, kwenye kile kivuli kizito. Nikaona Madam anainua kiganja kujikinga macho.

"Zima!" akasema.

Mama mwenye adabu kumbe! Tajiri, na bado ananijulia hali!

"Mzima, Madam! Nashukuru!"

"Nasema zima!"

"Hata nyumbani wote ni wazima! Mama, watoto, wote!"

Yule bwana wa benchi akaweka mkono mdomoni. Nikazunguka, nikarudi mara ya pili. Madam alikuwa amesimama sasa, miwani ameivua, anapepesa macho.

"ZIMA!"

"Na wewe Madam, u mzima?"

Hapo Mzee Shiundu akaja mbele yangu amenyoosha mikono miwili kama anayezuia ng'ombe. Nikashika breki, nikasimama puani kwake.

"Bwana," akasema polepole, "Madam anasema uzime taa. Taa! Umewasha. U-me-wa-sha."

Ile sh ilitoka mdomoni mwake kama samaki mbichi akiingia kwenye mafuta ya moto. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nikasikia.

Umewasha.

Akainama mbele ya gurudumu la mbele, lile lisilo na kazi, linalofuata tu. Akasukuma dainamo kwa kidole kimoja. Tak! Kile kichupa kikaachana na tairi. Akainua usukani na kulizungusha gurudumu, likazunguka bila sauti yoyote. Shemeji alikuja na taa jana jioni, hakuizima, na mimi sikutazama. Kila nikikanyaga, nilikuwa nabeba dainamo, na taa inawaka mchana kweupe. Kila nikishuka, inazima. Madereva wote wale na mikono yao. Mtu wa pikapu. Yule mama wa watu na beseni lake chini!

Nilitamani ardhi ya Milimani ipasuke. Ardhi ya Milimani ni ngumu.

"Kwa hivyo," Madam akasema, na hakuwa anacheka, afadhali angecheka, "umefungua nyuma yote, na shida ilikuwa mbele?"

"Ndiyo, Madam."

"Nani alikuambia mbele hakuna shida?"

"Mimi mwenyewe, Madam."

Akazisukuma zile wasa kwa ncha ya kalamu, zikaja upande wangu wa meza. "Asante kwa kuja, Bwana Owino."

Mnalijua neno hilo. Sisi wote tuliambiwa asante siku kiwanda kinafungwa. Nikaona nikimweleza Akoth, na Akoth akiniambia haidhuru, na hiyo haidhuru yake ndiyo sikuiweza. Nikamwambia, "Madam, ilibaki mzunguko moja. Nakuomba huo moja tu." Sikujali nani anasikia.

Akatazama saa. "Mmoja."

Nikarudi langoni, sanduku kwapani. Nikapanda. Sasa fikirini miguu iliyozoea kusukuma mzigo tangu saa mbili asubuhi. Mzigo umeondolewa, miguu haijaambiwa. Nikakanyaga kwa nguvu zile zile.

Baiskeli iliondoka kama imeibwa!

Nikampita Mzee Shiundu, koti lake likapepea. Nikampita Madam. Cheni, ile niliyoilegeza kwa akili yangu, ikatoka kwenye meno. Nikashika breki ya nyuma kwa mkono niliobaki nao, lakini gurudumu lisilo na wasa lilikuwa limehamia kando kwa ile nguvu, breki ikashika hewa. Mbele yangu kuna ua wa kayaba, ule wa miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Nikaliita jina la mama yangu, nikaingia.

"Sanduku liko wapi?" nikasikia Madam anauliza. (Si "umeumia?" Sanduku.)

"Hapa, Madam."

Mwili wangu wote ulikuwa ndani ya ua. Mkono wa kushoto peke yake ndio ulikuwa nje, umeinuliwa juu, na sanduku juu yake. Mzee Shiundu akalipokea. Madam akalifungua hapo hapo, akatoa chupa moja moja akiziinua kwenye mwanga. Mimi nahesabu pumzi ndani ya miiba.

"Zima," akasema.

"Nimezima, Madam! Haki nimezima! Mzee Siundu ni shahidi!"

"Chupa, Owino. Nasema chupa zote ni zima."

Hapo akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya veranda, na Mzee Shiundu akacheka, na hata yule bwana mkavu wa benchi akacheka, ingawa kicheko chake kilikatika upesi. Kumbe yeye alivunja chupa mbili, kwenye njia iliyonyooka, na baiskeli isiyo na kasoro.

"Baiskeli huijui," Madam akaniambia alipopata pumzi.

"Siijui, Madam."

"Lakini mzigo unaujua. Dawa zangu zikifika zikiwa zimevunjika, kuna mtu anakosa kupona huko. Uje Jumatatu ijayo, saa mbili. Kila asubuhi Mzee Shiundu ataiangalia baiskeli kwanza, mbele na nyuma. Na spana hiyo uiache nyumbani."

Madam alipokwisha kuingia ndani ndipo Mzee Shiundu akanivuta nitoke. Mimi nikatoka. Suruali haikutoka, au tuseme ilitoka nusu. Kutoka kiunoni mpaka goti, kwa nyuma, miiba ilikuwa imegawa kitambaa sawasawa. Mzee akanirudishia cheni na wasa, kisha akanifunga gunia tupu la unga kiunoni, akalikaza kwa kamba. Nimeendesha hivyo mpaka Kisian, unga unapeperuka nyuma yangu.

Akoth aliponiona kutoka mbali, na gunia, na shati jeusi, na damu kwenye masikio, akaelewa vibaya. Akaniwekea kiti. Akaniambia, "Haidhuru, Baba Atieno."

Nikamwambia, "Jumatatu ijayo. Saa mbili."

Akanitazama. Akarudia, "Jumatatu?" Kisha akaketi chini kwenye vumbi, kijiko mkononi, samaki wakaungua na hakuwageuza. Jamaa, alilia, na mimi nililia. Wateja walisimama wanatutazama, na hakuna aliyethubutu kuuliza bei.

Basi kazi nimepata, heshima nimeiacha kwenye ua. Barua hii nampa dereva wa basi la Nairobi jioni hii, mtaipata kesho. Nawasihi msinicheke, na kama ni lazima mcheke, anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye atanunua suruali, kiuno thelathini na nne, ifike kabla ya Jumatatu.